Bayasi ya Valvu kwa Umeme wa Tarime na Serengeti

Mwenye amplifaya ya zamani ya gitaa akiuliza namna ya kupanga bayasi ya valvu za mwisho, zile kubwa zinazosukuma spika, hatakosa kutajiwa namba moja: asilimia 70. Chukua wati za juu kabisa ambazo valvu inahimili, zidisha kwa 0.7, gawanya kwa volti za anodi, na utapata mkondo wa kuweka. Hesabu hiyo haina kosa. Ila ilizoeleka kwa mafundi wa Marekani na Ulaya ambao umeme wao wa asubuhi na wa usiku wa manane hautofautiani kwa kiasi cha kuwashtua. Ukiifanya Mugumu, Nyamongo au Sirari, jibu litategemea umefungua amplifaya saa ngapi.

Swali hili laweza kuonekana la anasa. Baa na makanisa ya wilaya za Tarime na Serengeti siku hizi hutumia spika zenye amplifaya ya transista ndani yake, nyepesi na za bei nafuu, na hakuna anayekesha akiwaza bayasi. Lakini amplifaya ya valvu haifi upesi. Chasisi yake ni bati nene, transfoma zake zimesukwa kwa shaba nyingi, na kinachochakaa ndani hubadilishwa kwa mkono na kijana mwenye chuma cha kulehemu. Iliyotengenezwa mwaka 1965 yaweza kuamshwa leo. Inapoamshwa, kitu cha kwanza kinachoamua kama itaishi miezi au miaka ni hiyo bayasi, na kwa maoni yangu ndicho kinachofanywa kwa haraka kuliko vyote.

Tukumbuke kwanza vyombo hivi vilifikaje. Miaka ya 1960, muziki wa dansi ulipokuwa ukishika nchi, karibu kila amplifaya ya gitaa duniani ilikuwa ya valvu. Transista zilianza kuingia kwa kusuasua katikati ya muongo huo. Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964. Western Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe zilikuwa kwenye kilele chake, na Mkoa wa Mara ulijitokeza na Mara Jazz na Musoma Jazz. Vyombo mara nyingi havikuwa mali ya wapigaji. Vilikuwa vya chama, vya shirika la umma au vya tajiri, na mwanamuziki alihama bendi kufuata vyombo bora kama mchezaji wa mpira anavyohama timu. Kisha fedha za kigeni zikaadimika, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Kwa mtu wa Tarime hilo halikuwa jambo la kusikia redioni. Sirari na Isebania zinatazamana, na njia ya karibu ya kupata vipuri ilikuwa Nairobi. Kwa miaka sita valvu ya kubadilisha ikawa ama ya magendo ama haipo, na fundi alilazimika kuitunza aliyonayo. Fundi wa wakati ule aliyepanga bayasi ya baridi, yaani ya mkondo mdogo, kuliko vitabu vilivyotaka, hakufanya hivyo kwa kutojua.

Valvu ni koki. Kathodi inapashwa moto na hita mpaka elektroni zinaanza kuiruka. Anodi yenye mamia ya volti chanya inazivuta. Gridi iliyo katikati, ikipewa volti hasi, inazizuia. Ishara ya gitaa inaitikisa gridi, nayo mtiririko unaongezeka na kupungua. Bayasi ni kiasi cha volti hasi kinachowekwa kwenye gridi kabla gitaa halijapigwa, yaani koki imefunguliwa kiasi gani wakati hakuna anayeigusa. Ukiifunga mno, valvu huwa baridi. Ukiifungua mno, mkondo unapita muda wote bila kazi, anodi inapata joto, na mwishowe bati lake linaanza kung'aa wekundu gizani. Fundi akiona wekundu huo azime mara moja. Dakika chache zinatosha kuiua valvu, na pengine kuondoka na transfoma.

Amplifaya zenye nguvu hutumia valvu mbili au nne zinazopokezana. Upande mmoja hubeba nusu ya juu ya wimbi, wa pili hubeba nusu ya chini. Bayasi ikiwa baridi, wa kwanza huacha kabla wa pili haujashika, na pale wimbi linapovuka sifuri hubaki pengo. Masikio hulisikia kama mkwaruzo mwembamba, na jambo la kuzingatia ni kwamba halisikiki sana amplifaya inapopigwa kwa nguvu. Linasikika kwenye sauti ndogo, kwenye mkia wa noti inayofifia.

Hapo ndipo muziki wetu unapotofautiana na ule ulioandikiwa vitabu. Maandishi mengi ya bayasi yamelenga roki, ambako mpigaji anataka amplifaya ilie, ipasuke, iungue kidogo, na bayasi ya moto inasaidia. Gitaa la dansi linataka kinyume chake. Solo na gitaa la pili husukana kwa noti fupi safi, kila moja ikiwa na nafasi yake, na ridhimu chini yao haitakiwi kuvuruga. Sikiliza rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam za miaka ya 1970, zilizopigwa moja kwa moja studio mbele ya vipaza sauti vichache: uzuri wake uko kwenye namna noti inavyozimika kabla inayofuata haijaingia. Amplifaya yenye bayasi baridi huharibu hasa hapo. Kwa hiyo mpigaji wa dansi ana dirisha jembamba kuliko mwenzake wa roki. Hawezi kwenda baridi sana kwa sababu ya sauti, na hawezi kwenda moto sana kwa sababu nitakayoieleza hivi punde.

Iritungu ni kisa cha peke yake. Zeze hilo la Wakurya lina nyuzi nane na kisanduku kikubwa kilichowambwa ngozi ya ng'ombe, na sauti yake iko chini mno, nzito kuliko ya nyatiti ya Wajaluo walio jirani Rorya. Likipitishwa kwenye amplifaya ya gitaa kupitia kipaza sauti, kila pigo la uzi mnene hudai mkondo mkubwa kwa ghafla. Gridi za valvu za mwisho husukumwa hadi kuvuka sifuri, kapasita zinazozilisha hujichaji, na kwa sehemu ya sekunde bayasi inakuwa hasi zaidi ya ilivyopangwa. Sauti inayofuata inatoka imekatika, kana kwamba spika imekohoa. Nimeona watu wakilaumu bayasi kwa hilo na kuizungusha kuelekea moto. Haisaidii. Dawa ni kupunguza sauti nzito kabla haijafika kwenye valvu za mwisho, kwa kitasa cha besi au kwa kapasita ndogo zaidi ya kuunganisha, na kukubali kwamba amplifaya ya gitaa ya wati 30 haikujengwa kubeba iritungu mbele ya uwanja uliojaa watu.

Sasa umeme. Kiwango cha Tanzania ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Kenya, ng'ambo ya pili ya barabara pale Sirari, ni 240. Hivyo ni viwango vya karatasini. Kijiji kilicho mwisho wa laini ndefu ya kilovolti 33, chenye transfoma moja na nyumba nyingi, hushuhudia volti zikishuka jioni watu wanapowasha taa, pasi na televisheni, na mashine ya kusaga ikiwa bado inazunguka. Baada ya saa sita usiku mzigo unapungua na volti zinapanda tena, pengine kupita 230. Kuongezeka kwa umeme wa taifa, hata baada ya bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 kuanza kuzalisha mwaka 2024, hakuondoi tatizo hili moja kwa moja, kwa maana chanzo chake ni urefu na wembamba wa waya kati ya transfoma na nyumba.

Tuchukue amplifaya ya wati 50 yenye valvu mbili za EL34. Kikomo cha kila valvu ni wati 25 kwenye anodi. Tuseme kwa volti 230 ukutani, anodi hupata volti 450. Fundi anakuja saa mbili usiku kabla ya dansi. Ukutani kuna volti 200, kwa hiyo anodi ina 391. Anafuata kanuni: asilimia 70 ya 25 ni wati 17.5, gawanya kwa 391, anapata karibu miliampia 45. Anaweka 45, anafunga mgongo wa amplifaya, anaondoka ameridhika. Kila kitu kiko sawa mpaka saa nane usiku.

Saa nane ukutani kuna volti 245. Bayasi nayo hutoka kwenye transfoma ile ile, kwa hiyo imepanda kwa uwiano ule ule. Wengi hudhani kwamba hilo linaleta usawa. Linasaidia, lakini halitoshi. Volti zote za valvu zikipanda kwa pamoja, mkondo hukua kwa kipeo cha moja na nusu. Joto ni volti mara mkondo, kwa hiyo hukua kwa kipeo cha mbili na nusu. Kutoka 200 hadi 245 ni ongezeko la asilimia 22 na ushei tu. Mkondo unakwenda karibu miliampia 61, volti za anodi 479, na joto la kila valvu linafika wati 29. Kikomo kilikuwa 25. Bendi imepumzika, gitaa limeegemezwa ukutani, hakuna anayegusa kitu, na valvu zinaiva.

Geuza mfano. Fundi aje saa nane usiku, au mchana wa Jumapili umeme ukiwa juu, apange wati 17.5 kwa volti 245. Jioni ya siku ya kazi, volti zikiwa 200, joto linashuka hadi wati 10 na nusu, asilimia 42. Valvu ziko salama, ila ule mkwaruzo wa wimbi linapovuka sifuri umeingia, na hita nazo zina shida yake: zilizotakiwa kupata volti 6.3 zinapata karibu 5.5, chini ya punguzo la asilimia 10 ambalo hukubalika kwa kawaida. Kathodi isiyopata moto wa kutosha hutoa elektroni chache na huzeeka vibaya. Kwa maneno mengine, umeme mdogo haupunguzi sauti peke yake.

Kwa hiyo ukilazimika kutumia umeme wa ukutani ulivyo, panga bayasi kwa volti ya juu kabisa uliyowahi kuipima mahali hapo, na ukubali kilichobaki. Kama juu kabisa ni 250, weka kiwango ambacho kwa 250 kitakuwa asilimia 70. Kwa amplifaya yetu hiyo ya EL34, ukipima ukutani ukikuta 230, lenga miliampia 31 au 32 badala ya 39 ambazo kanuni ya kawaida ingekupa. Volti zikifika 250, mkondo utakuwa karibu 36 na joto wati 17.5, zikishuka hadi 200, mkondo utakuwa 25 na ushei na joto wati 10. Hakuna haja ya kusubiri usiku wa manane ili upime. Pima ukutani muda wowote, gawanya volti hiyo kwa ile ya juu kabisa, pandisha jibu kwa kipeo cha mbili na nusu kwa kikokotozi cha simu, na utajua ni asilimia ngapi ya lengo uweke sasa hivi.

Kuna mtego mmoja ambao mafundi hodari ndio huuingia. Fundi anaona volti ya bayasi inayumba pamoja na laini, anaweka diodi ya zena kuituliza. Bayasi sasa imesimama imara kama nguzo, lakini volti za anodi na za gridi ya pili, ile chanya iliyo jirani na anodi, bado zinapanda. Ule uzuizi uliokuwa ukipanda nazo umeondolewa. Valvu zitaiva mapema kuliko zamani. Ukituliza kimoja, tuliza vyote. La sivyo acha vyote viyumbe pamoja.

Zipo amplifaya ambazo hazina haja ya haya. Katika Vox AC30, na katika amplifaya ndogo kama Fender Champ, bayasi hupatikana kwa rezista iliyo kati ya kathodi na chasisi. Mkondo ukiongezeka, volti kwenye rezista hiyo inapanda, gridi inakuwa hasi zaidi ikilinganishwa na kathodi, na mkondo unazuiwa. Ni mfumo unaojirekebisha, na kwa laini ya umeme inayoyumba ningeuchagua kabla ya mwingine wowote. Bei yake ni joto. AC30 ina valvu nne za EL84 zinazotumia rezista moja ya karibu omu 50. Ikipimwa juu yake volti 10, ni miliampia 200 kwa zote, 50 kwa kila moja, na valvu hizo zenye kikomo cha wati 12 zinakuwa zimekivuka tayari hata bila gitaa kuguswa. Mtengenezaji alijua. Valvu za Ulaya za wakati huo zilivumilia, za leo zinavumilia kwa viwango tofauti, na wengi hupandisha rezista hiyo hadi omu 68 au 82 ili zipumue. Hapo fundi harekebishi kitasa. Anabadilisha rezista, anapima, anatulia.

Nje ya gridi ya taifa mambo yanabadilika. Kijiji kinachotumia jenereta ndogo ya petroli kina volti zinazofuata mzigo: mtu akiwasha friji, gitaa linalegea. Inveta ya sola ina hila nyingine. Zile za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini, na mita ya kawaida hulisoma vibaya. Isitoshe, volti za anodi hufuata kilele cha wimbi huku hita zikifuata wastani wake wa joto, kwa hiyo uwiano kati ya vitu hivyo viwili, ambao transfoma ya amplifaya ilijengwa juu yake, unavunjika. Bayasi iliyopangwa kwa umeme wa TANESCO, shirika la umeme la taifa, haifai kwa inveta ya namna hiyo mpaka ipimwe tena. Inveta ya wimbi laini haina shida hii.

Amplifaya ya Kimarekani inadai maneno mawili zaidi, na mkoa huu una uhusiano wa muda mrefu na Wamarekani, tangu Wamenonaiti walipofika Shirati mwaka 1934 na mapadre wa Maryknoll Musoma mwaka 1946. Iliyoandikwa volti 117 na mizunguko 60 itahitaji transfoma ya kushusha. Transfoma ya kushusha haibadilishi mizunguko: kwa 50, chuma cha transfoma ya amplifaya kinabebeshwa usumaku zaidi kwa asilimia 20, na kitapata joto ambalo hakikupata Marekani. Bahati nzuri ni kwamba nyingi kati ya transfoma hizo hushusha hadi 110, si 117, na upungufu huo mdogo unafidia sehemu yake. Muhimu ni kwamba bayasi ipimwe amplifaya ikiwa imechomekwa kwenye transfoma ile ile itakayoishi nayo. Zile za Kiingereza huja na kichaguzi cha volti mgongoni. Ikiwa jioni yako ina volti 200, utatamani kukizungusha kwenye nafasi ya chini ili upate sauti kamili. Usiku wa manane utajuta.

Baada ya hesabu zote, msimamo wangu ni huu: fedha ya kwanza iende kwenye stabilaiza, ya pili ndiyo iende kwenye valvu mpya. Amplifaya ya wati 50 haivuti zaidi ya wati mia mbili kutoka ukutani, kwa hiyo stabilaiza ya VA 1,000, ile inayouzwa kwa ajili ya friji na televisheni, inaitosha na kuzidi. Itabofya inapobadilisha hatua na volti zitaruka kidogo, lakini kuruka kati ya 220 na 240 si sawa na kusafiri kutoka 200 hadi 245. Ikishakuwepo, ile asilimia 70 inarudi kuwa namba ya maana, au 60 kwa mwenye tahadhari, na mpigaji wa dansi anapata mkia safi wa noti bila kuchoma valvu. Stabilaiza haizuii radi, ambayo ukanda huu wa Ziwa Victoria umejaliwa kwa wingi kuliko sehemu nyingi duniani. Mawingu yakijikusanya, chomoa plagi.

Kazi yenyewe mezani ni fupi kuliko maelezo yake, na ni ya hatari. Ndani ya amplifaya kuna volti 400 hadi 500 za mkondo mnyoofu, na kapasita kubwa huzihifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Ziondoe chaji kupitia rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 au zaidi, kisha pima uhakikishe, na mkono wa pili ukae mfukoni. Spika isichomolewe kamwe amplifaya ikiwa imewaka. Transfoma ya sauti isiyo na mzigo hupasuka kwa ndani. Na kabla ya bayasi kuna ethi. Amplifaya nyingi za zamani zina waya wa nyuzi mbili, na za Kimarekani mara nyingi huwa na kapasita inayounganisha upande mmoja wa umeme na chasisi. Chasisi imeungana na nyuzi za gitaa. Mpigaji anayegusa nyuzi kisha akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti kilichounganishwa na amplifaya nyingine anaweza kuwa njia ya umeme kati ya hizo mbili. Ondoa kapasita hiyo, weka waya wa nyuzi tatu, na hakikisha ukumbi una fimbo ya ethi iliyozikwa kweli kweli, kwa sababu tundu la tatu ukutani laweza kuwa halikuunganishwa popote.

Kisha kagua kabla ya kurekebisha. Toa valvu za mwisho, washa, pima volti kwenye kila mguu wa gridi. Zote ziwe hasi na zilingane, kwa EL34 au 6L6 katika volti kama hizi mara nyingi kati ya 35 na 55 hasi. Upande mmoja ukionyesha hasi ndogo kuliko mwingine, kapasita ya kuunganisha inavuja volti chanya kwenye gridi, na kwa chombo kilichokaa stoo yenye unyevu hilo ni la kawaida kabisa. Kuzungusha bayasi ili kufidia kapasita inayovuja ni kujitafutia hasara. Kapasita za elektroliti za saketi ya bayasi zibadilishwe bila majadiliano kama ni za asili. Zikikauka, volti hasi inayeyuka na valvu zinafuata. Amplifaya nyingine, ikiwemo Fender Bassman ya saketi ya 5F6-A ambayo ndiyo Jim Marshall wa London aliyoifuata mwaka 1962, hazina rezista ya kuzungusha kabisa. Kiwanda kilipanga bayasi kwa rezista za kudumu. Ukiongeza ya kuzungusha, iunganishe kwa namna ambayo ikikatika ndani, bayasi itakwenda kwenye hasi kubwa na si kwenye sifuri.

Ili kupima mkondo, weka rezista ya omu 1 kati ya kathodi ya kila valvu na chasisi. Kila milivolti moja juu yake ni miliampia moja, na ukishaziweka huhitaji tena kugusa volti 450 kila safari, zaidi ya mara moja ya kupima anodi. Mkondo wa kathodi una ndani yake mkondo wa gridi ya pili, miliampia nne au tano hivi kwa EL34 katika utulivu, kwa hiyo ukitaka 32 kwenye anodi, mita isome 36 au 37. Acha amplifaya iwake nusu saa, pima tena. Valvu mbili zikipishana zaidi ya miliampia tano, tafuta jozi inayolingana.

Kutafuta jozi ndiko kugumu. Valvu za leo hutoka viwanda vichache: JJ iliyoko Čadca nchini Slovakia, kiwanda cha Saratov nchini Urusi, na China. Machi 2022 Urusi ilipozuia bidhaa kadhaa kutoka nje ya mipaka yake, valvu za Saratov zilitikisika kwa muda na wauzaji duniani kote wakapandisha bei au kusitisha oda. Kwa mtu wa Tarime mlolongo ni mrefu zaidi, kupitia Luthuli Avenue ya Nairobi au Kariakoo au mtu anayesafiri, na ikifika ikiwa imevunjika hakuna wa kumrudishia. Hapo ndipo bayasi ya asilimia 57 isiyo na mvuto, ile ya miliampia 31 au 32 kwa volti 230, inapolipa. Nina wasiwasi na wanaoagiza valvu za zamani za Mullard au RCA kwa fedha nyingi kisha wakazichomeka kwenye umeme wa mwisho wa laini bila stabilaiza. RCA ilianza kuuza 6L6 mwaka 1936, na nyingi za enzi hizo zilijengwa kwa uimara wa ajabu, lakini hakuna valvu inayobishana na volti 245 iliyopangiwa bayasi kwa 200.

Kazi ikiisha, andika kwenye karatasi na uibandike ndani ya kabati: tarehe na saa ya kupima, volti za ukutani wakati huo, volti za anodi, milivolti za kila valvu, na kama kulikuwa na stabilaiza. Bila volti za ukutani, namba nyingine zote kwenye karatasi hiyo hazimsaidii fundi atakayefuata, hata kama ni wewe mwenyewe.